Kopo la Babu na Kibaba cha Mpagazi

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja mjini Iringa, mbele ya wazee, walimu na wanafunzi wa sekondari, nilipoitwa kueleza vitu ninavyokusanya. Niliongea bila karatasi. Nimeyaandika baadaye kutoka kwenye simu ya binti yangu aliyenirekodi, nikatoa kukohoa kwangu na ile robo saa umeme ulipokatika.

Kamwene!

Asanteni. Wazee wangu, shikamooni. Walimu, poleni na kazi. Nanyi vijana mliokaa nyuma jirani na mlango, nawajua, hata mimi nilikuwa nakaa hapohapo. Sitawachelewesha sana.

Nianze kwa kuungama. Sivuti sigara, sijawahi kuvuta, na bado nyumbani kwangu kuna kabati zima la pakiti za sigara. Mke wangu akipata wageni huwaonya mapema kwamba baba watoto ni mlevi wa makopo matupu. Ni kweli. Makopo, pakiti, maboksi ya biskuti, vibiriti, vifungulio vya kopo: kila ambacho jeshi lilimpa askari ili ale, avute na asubiri kesho. Wengi wanaokusanya vitu vya vita wanatafuta bayoneti, kofia na nishani. Mimi natafuta kilichoingia mdomoni. Nishani itakwambia wakubwa walimwonaje mtu siku moja ya ushujaa. Kopo litakwambia alikula nini Jumanne ambayo hakikutokea kitu.

Tazameni hapa mezani. Nianze na hili la duara, kwa sababu ndilo lililonitia ugonjwa.

Ni kopo la sigara 50 za Player's Navy Cut, za Mwingereza. Rangi imebanduka upande mmoja, lakini mnamwona baharia mwenye ndevu, kichwa chake kimezungukwa na boya. Babu yangu mzaa baba alilileta kutoka Bama, yaani Burma, Myanmar ya leo. Alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la huku kwetu, katika divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye nembo ya kichwa cha kifaru, iliyoshuka bonde la Kabaw katika mvua za mwaka 1944 na kuingia Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Barabara zote zilikuwa tope, kwa hiyo chakula kilidondoshwa na ndege kwa miavuli, na kisichokuwa na mwavuli kilipasuka kikapotea matopeni. Babu alipofariki, shamba lilikuwa na wenyewe, ng'ombe walikuwa na wenyewe. Mimi nikauliza kama naweza kupewa kopo la bibi la mbegu za maboga. Baba zangu wakubwa wananicheka hadi leo.

Sasa mwalimu nisaidie kulishika hili, niwaonyeshe mfuniko kwa ndani. Mnakiona kijino hiki cha bati? Kopo likitoka kiwandani, chini ya mfuniko lilikuwa limezibwa kwa bati jembamba na hewa imeondolewa. Unabonyeza mfuniko, kijino kinatoboa, linasema fsss, kisha unauzungusha na kijino kinakata lile bati duara zima. Babu alikuwa akiiga sauti hiyo kwa meno, nasi wajukuu tunamwambia rudia. Alisema kule msituni kila kitu kiliota ukungu: viatu, mkanda, biskuti, hata barua kutoka nyumbani. Kitu kikavu kilikuwa kimoja tu, sigara ya kopo lililofunguliwa dakika hiyo.

Bibi hakujali historia. Kwake kopo lisilopitisha maji ni la mbegu, na mbegu zake hazikuliwa na mdudu hata msimu mmoja. Ukilinusa leo, baada ya miaka yote hiyo, utapata maboga kwanza na tumbaku kwa mbali.

Zilikuwepo na sigara nyingine, za alama ya V, zilizotengenezwa India kwa ajili ya majeshi ya Mwingereza. V ya ushindi. Kopo lake sina, na wenye nalo hawaliachii. Lakini sifa zake zimesambaa: askari wa jangwani Afrika Kaskazini walizilaani, wa Bama nao wakazilaani. Babu alisema ukiivuta unajua jirani anachoma godoro la nyasi. Aliivuta hivyo hivyo, kwa sababu ilikuwa ya bure.

Hapo kwenye bure ndipo pa kutazama kwa makini. Sigara haikuwa zawadi ya huruma, ilikuwa kwenye hesabu kama chumvi. Sanduku la Mwingereza la kulisha watu 14 kwa siku moja lilikuwa na nyama ya kopo, biskuti, chai iliyokwisha changanywa na maziwa na sukari, karatasi za chooni, na sigara saba kwa kila mtu. Mmarekani, kuanzia mwaka 1942, alimpa askari wake aliye mstari wa mbele maboksi matatu kwa siku, la asubuhi, la mchana na la jioni, waliyoyaita K. Ndani mna kikopo kidogo, biskuti, kitu kitamu, bigijii, na sigara nne. Nne mara tatu ni 12. Kijana aliyetoka kwao hajawahi kugusa sigara alipewa 12 kila siku, na wenzake walimwonyesha namna. Waliendelea kuzitia kwenye posho mpaka mwaka 1975, na ile makala ya Doll na Hill wa Uingereza iliyoonyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu ilikwisha chapishwa mwaka 1950. Miaka 25! Nisiseme zaidi, maana daktari yuko pale mstari wa pili na ananitazama.

Na tumbaku yenyewe si mgeni kwetu. Wazee wa huku mnakumbuka mashamba ya Wagiriki na mabani ya kukaushia tumbaku ya mvuke, kama wenzetu wa Songea wanavyojua ya moshi. Ila ile ni hotuba nyingine.

Kitu cha pili ni hiki kipande cha karatasi, maana chokoleti yenyewe sina. Mwaka 1937 kapteni mmoja wa jeshi la Marekani, Paul Logan, alikwenda kwenye kiwanda cha Hershey akaomba chokoleti ya dharura. Masharti yalikuwa manne: iwe na gramu kama 113, iwe na nguvu nyingi mwilini, isiyeyuke kwenye joto, na ladha yake izidi kidogo tu ile ya kiazi cha kuchemsha, ili askari asiimalize kabla ya shida. Kiazi cha kuchemsha! Huyo kapteni angepitia Makete mwezi wa mavuno akala kiazi cha kule na chumvi, angetafuta mfano mwingine. Lakini walimtii. Ilitoka ngumu, chungu, wengine wakaikwangua kwa kisu. Mjerumani yeye alikuwa na yake kwenye kikopo cha duara, Scho-Ka-Kola, iliyoanza mwaka 1935, yenye kahawa na kola ndani yake. Ile kola ni tunda la Afrika Magharibi ambalo wazee wa kule hutafuna kukaribishana. Limezunguka likaishia kwenye kikopo cha rubani wa Ujerumani, asije akasinzia.

Sasa hapa vijana ninyi mtanipenda, kwa sababu ni habari ya mimi kutapeliwa.

Niliagiza boksi la K la jioni kutoka nje, kwa muuzaji ambaye sitamtaja. Halijafunguliwa, alisema, la mwaka 1944, nta yake nzima. Picha zilikuwa nzuri mno. Nilituma pesa ambayo mke wangu anaamini ilikwenda kwenye clutch ya gari. Boksi likaja, nikakaa nalo kama mtoto mchanga. Jioni nikaenda dukani kwa rafiki yangu Miyomboni kumwonyesha, na pale kaunta ana ile taa ya kukagulia noti bandia. Kwa mchezo tu nikaliweka chini ya taa. Likang'aa buluu kama shati la shule lililofuliwa kwa Foma.

Kwa nini? Karatasi za siku hizi hutiwa dawa ya kuzifanya zionekane nyeupe zaidi, na dawa hiyo huwaka buluu chini ya taa ya namna ile. Ilianza kuenea viwandani baada ya vita. Karatasi ya mwaka 1944 hukaa kimya, hupooza, huwa na weusi wa kahawia. Kwa hiyo boksi langu lilizaliwa juzi. Muuzaji nilipomwandikia alijibu kwamba kwao hakuna marejesho. Nimelileta, hili hapa, linawafaa wanafunzi kuliko halisi. Limulikeni mtakavyo.

Taa hiyo tu haitoshi. Pakiti za Marekani za zamani zilibandikwa stempu ya ushuru ya buluu juu, yenye sura ya mtu na neno la kuonyesha msururu na namba. Chukua namba, jumlisha 1830, umepata mwaka. Msururu wa 111 ni 1941, wa 114 ni 1944. Ukikuta pakiti ina mistari ya kupigia skana dukani, hiyo si ya vita, mistari ile ilianza kutumika madukani mwaka 1974. Ikiwa ya Marekani na ina onyo la afya, ni ya kuanzia 1966. Lucky Strike ya kijani ni ya kabla ya kugeuzwa nyeupe mwaka 1942. Kampuni ilitangaza kwamba rangi ya kijani imekwenda vitani, madini ya wino yanahitajika. Wenye kujua biashara wanasema walikuwa wakitafuta tu sababu ya kubadili pakiti iwavutie kina mama. Ukweli wa tangazo uwe wowote, mkusanyaji amepata tarehe.

Makosa yangu mengine nimeyafanya kwa mkono wangu mwenyewe, bila kutapeliwa na mtu.

Kisanduku hiki cha shaba nilikipata kwa muuza vyuma chakavu wa Ipogolo, kimejaa gololi za baiskeli na grisi. Sikuamini macho. Ni sanduku la Krismasi ya mwaka 1914, lililotolewa kwa harambee ya Binti Mfalme Mary wa Uingereza. Kwa mvutaji ndani kulikuwa na tumbaku ya kiko, sigara 20, picha yake na kadi. Asiyevuta alipewa peremende na vifaa vya kuandikia, na askari wa Kihindi wapo waliopewa pipi za sukari na viungo vya chakula. Walitengeneza zaidi ya milioni mbili na nusu, na kazi ikawachukua miaka. Shaba nyingine iliagizwa kutoka Marekani ikazama na meli ya Lusitania Mei 1915, kwa hiyo wengi walipata zawadi ya Krismasi baada ya Krismasi kadhaa kupita, na za wengine zilipokewa na wazazi wao, kwa sababu wenyewe walikwisha zikwa.

Basi mimi, kwa furaha, nikakifikisha nyumbani, nikachukua ndimu, majivu na stilwaya. Nilisugua! Kikatoka kinang'aa kama sufuria la harusi. Tazameni sasa: sura ya binti imebaki pua na nywele. Majina ya nchi rafiki yaliyochorwa pembeni, Japani, Urusi, Serbia, utayasoma ukibahatisha. Miaka mia ya mvua na mikono ya watu haikuyafuta, nikayafuta mimi kwa nusu saa. Kopo la zamani halisafishwi. Unalipangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, basi. Kutu ikizidi, uliza anayejua.

Sigara zenyewe zina adui wake. Kuna kidudu cha kahawia, kidogo kuliko punje ya mtama, kinachokula tumbaku kavu na hakilewi. Kinaingia kwenye pakiti, kinataga, na siku moja unaona vitundu kama vya sindano na unga mezani. Nilipoteza pakiti nne namna hiyo. Dawa yake ni baridi: funga pakiti kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, weka kwenye friza wiki mbili, kisha iache irudi joto la kawaida kabla hujafungua mfuko, isishike unyevu. Ndiyo maana ukifika kwangu utakuta pakiti ya sigara za Camel imelala ubavuni mwa sato. Mgeni mmoja alidhani ni namna yetu ya kukausha samaki.

Kopo la nyama lililovimba lisikae ndani ya nyumba yenye watoto. Wapo watu mitandaoni wanaofungua posho za vita na kuzila mbele ya kamera. Wana matumbo yao. Mimi nimemwona mbwa akinusa kopo la namna hiyo, akarudi nyuma.

Haya. Hapa nilipofika ningeweza kuishia, mkaja mezani mkashika mkaondoka. Lakini mimi nimekuja kwa ajili ya kitu kimoja ambacho hakipo mezani.

Nimekusanya miaka zaidi ya 20. Nina vya Mwingereza, Mmarekani, Mjerumani, kipo hata cha Mwitaliano. Siku moja nikavipanga sakafuni kwa mwaka na kwa mahali, nikaona pengo. Vita vya kwanza, vya 1914 mpaka 1918, vilipita mlangoni petu hapa. Mei 1916 Jenerali Northey wa Uingereza alivuka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Malawi na Zambia za leo, akachukua Neu Langenburg, yaani Tukuyu, akaja Njombe, na mwisho wa Agosti watu wake wakaingia mji huu. Mara Wajerumani wa Jenerali Wahle wakarudi kutoka Tabora, wakapitia kwetu, mapigano yakawa Iringa, Malangali, Lupembe, na huko Ilembule kikosi chao kimoja kikajisalimisha Novemba. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1918, kamanda mkuu wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, akapita Ubena akielekea Rhodesia, akamwacha Wahle pale akiwa mgonjwa. Majeshi yamepishana kwenye milima hii kama watu kwenye ngazi. Na waliobeba vitu vyao walikuwa wengi kuliko waliopiga risasi. Mkusanyiko wangu una nini cha hao waliobeba? Hakuna. Hata kimoja.

Nikadhani ni uzembe wangu wa kutafuta. Nikaandikia watu, nikauliza wakusanyaji wakubwa. Nao hawana.

Tufanye hesabu, wanafunzi wa nyuma mnisaidie. Mpagazi amebeba kilo 25 za unga. Tangu enzi za misafara ya pembe, posho ya mpagazi ilipimwa kwa kibaba, kibaba kimoja kwa siku. Vibaba vinne pishi moja, mnajua. Ongeza maharage na chumvi pale vinapopatikana, tufanye anakula kilo moja kwa siku. Chakula kimeshushwa na meli Ziwa Nyasa, kinapanda milimani kichwani. Akitembea siku kumi kwenda na kumi kurudi, amekula ngapi? Ishirini. Amefikisha ngapi kwa askari? Tano. Ukisogeza vita mbele mwendo wa siku mbili na nusu tu, hafikishi hata kijiko, anatembea milimani kubeba chakula chake mwenyewe. Kwa hiyo unaongeza wapagazi. Nao wanakula. Unaongeza wengine wa kuwabebea hao. Upande wa Nyasaland waliwaita tengatenga. Dar es Salaam kambi yao imeacha jina ambalo leo mnalitaja mkienda kununua nguo: Kariakoo, Carrier Corps kwa ulimi wetu.

Na kilichowaua wengi hakikuwa risasi. Watu waliozoea ndizi au mchele walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, kuni zimelowa, muda wa kupika haupo. Ugali mbichi. Matumbo yakaharibika, wakaharisha damu, wakafa kando ya njia. Makumi ya maelfu, na vitabu vya hesabu vya wakubwa haviafikiani, kwa sababu wengi hawakuandikwa vizuri walipochukuliwa, sembuse walipokufa. Unga nao ulitoka kwenye ghala la mtu. Wenzetu Wagogo, jirani hapo kaskazini, majeshi yote mawili yaliwanyang'anya nafaka na mifugo na vijana, mvua nayo ikakataa, ikaja njaa wanayoiita Mtunya mpaka kesho.

Sasa fikirini kama mkusanyaji. Askari wa Kizungu alipewa kopo. Kopo linabaki. Lina jina la kiwanda, lina mwaka, lina picha ya baharia. Jeshi la von Lettow-Vorbeck likiteka ghala la adui, kama lilivyofanya Namacurra huko Msumbiji Julai 1918, linakula kopo la Mwingereza na la Mreno, na tupu lake linabaki porini, naweza kuliokota na kulisoma. Mpagazi alipewa unga kwenye kiganja. Ameula, umekwisha. Chombo alichopimiwa kilirudi kwa mnyapara. Alijifunika gunia, gunia limeoza. Hakupewa sigara ya kopo. Kama alivuta, alivuta msokoto wa tumbaku ya kwao kwenye jani la mgomba, ukaisha vidoleni.

Pale Dar es Salaam ile sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927, ni askari mmoja na bunduki yake. Wapagazi wametajwa kwenye maandishi ya chini, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Nairobi walimchonga mpagazi pamoja na askari. Sisi tulimwandika.

Ndiyo sababu ya hiki hapa mwisho wa meza, ambacho wengine mmedhani nimekisahau kutoka jikoni. Ni kibaba. Nimekinunua Soko Kuu kwa mama mmoja anayeuza ulezi, hakijawahi kwenda vitani na sidai kimekwenda. Kwenye kila kitu mezani nimebandika karatasi ya jina, mahali na mwaka. Hiki karatasi yake nimeiacha wazi. Kimekaa kushika nafasi, kama unavyoweka khanga kwenye kiti cha mtu aliyetoka kidogo.

Naombeni mnisaidie kuijaza, na siyo kwa kuleta makopo. Mkienda kwa mababu na mabibi, chukueni daftari. Msiulize vita vilianza lini, hayo yapo vitabuni. Ulizeni alipewa nini asubuhi. Alipikia nini. Nani alikuwa anapima, na alikuwa anafuta kibaba kwa mkono au anakiacha na kilima juu? Mpagazi wa mwaka 1916 hayupo tena, lakini yupo bibi ambaye baba yake alisimulia, na hadithi za chakula hudumu kuliko hadithi za risasi. Wale waliokwenda Kagera mwaka 1978 wapo, tunasalimiana nao sokoni, na hakuna aliyewauliza walikula nini njiani. Waulizeni wangali na meno ya kucheka.

Kitu kikipatikana, andika siku hiyohiyo kimetoka kwa nani na wapi. Bila hivyo utadanganyika. Nilikuwa na kopo la Ulaya lililookotwa Ifunda, nikaliita la askari miaka mitatu. Kumbe pale kulikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa vita vya pili, kama Kidugala, wengi wao kina mama na watoto. Kopo lile huenda mama alimfungulia mwanawe. Na msichimbe. Kuchimba mahali pa kale kunataka kibali, makaburi yana wenyewe, na chuma kirefu chenye ncha ukikiona shambani usikiguse, mwite polisi.

Nimemaliza. Njooni mezani, shikeni mnachotaka, ila boksi la Mmarekani bandia ndilo mtakalolifungua. La babu msilifungue bila mimi, mfuniko wake unakwama. Maswali aanze mzee huyu wa mbele, maana tangu nilipotaja kufuta kibaba kwa mkono ameinua fimbo na hajaishusha.